Kiwanja kilikuwa yadi ya kuyeyusha betri, mwenyewe anasema kimesafishwa. Nidai karatasi gani?

MwalimuWaMiritini aliuliza:

Assalam aleikum wadau, na wengine wote hamjambo.

Mimi ni mwalimu wa chekechea huku Mombasa bara, upande wa magharibi. Tumepanga nyumba ya vyumba viwili na watoto wamejaa, hata kucheza wanacheza barazani kwa zamu. Kamati ya wazazi imekuwa ikichanga polepole, na sasa tumepata mtu wa kutuuzia kiwanja cha robo ekari kwa bei ambayo hatutaipata tena upande huu. Kina ukuta, kina geti la chuma, kina kisima, na kina banda la mabati ambalo tukilipaka rangi ni darasa tayari.

Shida ni hii. Wakongwe wa mtaa wote wanajua pale palikuwa na yadi ya betri kuukuu za magari. Vijana walikuwa wakizipasua kwa shoka, tindikali inamwagwa mtaroni, risasi, yale madini mazito yenye sumu yaliyomo ndani ya betri, inayeyushwa kwenye tanuru nyuma ya banda, mara nyingi usiku. Mama mmoja anayeuza mahamri mkabala na geti ameniambia enzi hizo ilikuwa lazima aifute meza majivu kila asubuhi kabla ya kupanga sahani. Halafu yadi ikafungwa, wenyewe wakabeba mitambo yao wakaenda.

Mwenye kiwanja siye aliyekuwa akiendesha yadi, yeye alipangisha tu. Ni mtu mstaarabu, sina neno naye. Anasema pamesafishwa, na amenionyesha barua ya ofisi moja ya serikali yenye mhuri na sahihi. Nimeisoma na kuirudia. Inasema shughuli zimesitishwa, mitambo imeondolewa, eneo limekaguliwa na kuonekana safi. Neno udongo halimo. Neno maji halimo. Nilikwenda kwenye ofisi hiyo kuuliza aliyekagua ni nani na alikagua vipi, nikaelekezwa ofisi nyingine. Huko nikaambiwa hilo ni la kaunti, na kaunti wakanirudisha nilikoanzia.

Naomba kujua: kisheria ni nani mwenye wajibu wa kuthibitisha kwamba ardhi iliyokuwa ya kiwanda imesafishwa? Nimdai mwenye kiwanja karatasi gani? Na je, tukimwaga kifusi na kupiga zege juu, inatosha?

Watoto wangu ni wa miaka 3 hadi 6. Umri huo mtoto anakula udongo hata ukimkataza. Siwezi kuwahamishia mahali kwa sababu tu ni rahisi. Naomba mwenye ujuzi anisaidie.

Baharia_Changamwe alijibu:

Mwalimu, achana nacho. Mimi nimekulia karibu na viwanda na ninajua tulivyokuwa tukikohoa. Bei ikishuka namna hiyo, jua wengine wamekwisha kuuliza wakaondoka.

DalaliMkweli alijibu:

Jamani tusimtishe mwalimu. Kuanzia Shimanzi mpaka Changamwe mpaka Mikindani kote ni viwanda, magodauni na matangi ya mafuta. Tukisema kila penye historia pasiguswe, watu wa mapato ya chini watajenga wapi? Serikali imekagua na imepiga mhuri. Tena tangu yadi ifungwe, mvua za masika zimepiga mara ngapi? Zimeshaosha. Mwaga kifusi, piga zege, fungua shule. Watoto wanahitaji darasa leo.

MchukuaSampuli alijibu:

Wa aleikum salaam, mwalimu. Nimefanya kazi ya kuchukua sampuli za udongo na maji tangu ujana, kwanza kwenye maabara ya serikali, baadaye nikiwafanyia wakaguzi wa kujitegemea, na sasa nimestaafu. Swali lako limenigusa kwa sababu umeona jambo ambalo watu wenye shahada hulipita: neno udongo halimo.

Barua uliyoonyeshwa inahusu shughuli. Afisa alikwenda, akaona tanuru limeng'olewa na sakafu imefagiwa, akaandika alichokiona. Inawezekana kabisa aliandika kweli tupu. Lakini risasi iliyomo udongoni haionekani kwa macho, haina harufu, na haiozi kamwe. Ndugu yangu dalali amesema mvua imeosha. Hapana. Mvua huosha chumvi. Risasi hung'ang'ania chembe za udongo, hasa huu wetu wa pwani wenye chokaa, ikakaa katika inchi chache za juu miaka na miaka, pale pale mtoto anapoweka viganja. Kinachoihamisha ni vumbi, viatu, na maji ya mafuriko yanayobeba udongo wenyewe hadi kwa jirani. Palipomwagwa tindikali mambo ni mengine: hapo risasi huyeyuka na kuweza kushuka chini. Ndiyo maana kisima hicho kinanitia wasiwasi kuliko banda.

Mfano uko mlangoni kwenu. Owino Uhuru pale Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi 2007 kikafungwa 2014. Mwaka 2015, kiwanda kikiwa kimeshanyamaza, watafiti walipima damu ya watoto wa pale na ya watoto wa mtaa wa Bangladesh usio mbali. Wastani wa Owino Uhuru ulitoka mikrogramu 7.4 kwa desilita ya damu, wa Bangladesh 3.7. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, na kwamba akifika 5 lazima chanzo kitafutwe na kiondolewe. Marekani tangu 2021 wanaanza kushughulika mtoto akifika 3.5. Kufunga kiwanda kulizuia moshi mpya. Ule uliokwisha kutua ulibaki juu ya mabati, kwenye kuta na uani.

Sasa karatasi. Usidai barua nyingine, dai namba. Unataka ripoti inayoonyesha ramani ya mahali kila sampuli ilipochukuliwa, kina chake, tarehe, jina la maabara, na kiasi cha risasi kwa kila kilo ya udongo kabla ya kusafisha na baada ya kusafisha. Uliza nani alichukua sampuli na nani alimlipa. Na uliza swali ambalo karibu kila mtu husahau: udongo uliochimbwa ulipelekwa wapi? Kanuni za taka za Kenya zinamtaka anayesafirisha taka awe na leseni na hati ya kufuatilia mzigo kutoka unapopakiwa hadi unapomwagwa. Kama pamesafishwa kweli, hati hiyo ipo mahali. Kama hakuna lori lililotoka, basi hakuna udongo uliotoka.

Ninakuambia haya kwa uchungu, kwa sababu nimeona. Kuna kazi moja ya kusafisha, mahali sipataji, mkandarasi aliyelipwa na mwenye kiwanda ndiye aliyekuwa akinionyesha pa kuchimba. Kila aliponionyesha palikuwa na mchanga mweupe uliomwagwa juzi juzi, ungeweza kuona alama za matairi ya lori. Afisa wa kusimamia alikuja, akabaki garini kwa sababu ya jua, akatia sahihi kwenye boneti. Mimi nilisogea hatua chache hadi chini ya michirizi ya paa la banda, mahali maji ya mvua yanapodondokea, nikajaza vifuko vyangu hapo. Mchanga mweupe ulitoka safi. Udongo wa michirizi ulitoka na risasi nyingi hata maabara wakarudia kipimo. Ripoti iliyopelekwa mbele ilikuwa na matokeo ya mchanga tu.

Hapo ndipo usimamizi wetu unapovuja. Sheria ya mazingira ya 1999 imeipa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, meno: leseni za tathmini ya athari za mradi kwa mazingira, ukaguzi wa kila mwaka, amri ya kumlazimisha mchafuzi kurejesha mazingira. Hata ripoti ya tathmini hutakiwa kueleza, kabla ya jiwe la kwanza, jinsi mradi utakavyofungwa. Lakini mtaalamu anayeandika tathmini na ukaguzi, ingawa leseni yake hutoka serikalini, huchaguliwa na kulipwa na mwenye mradi. Afisa wa serikali hupokea karatasi. Asipokuwa na vifuko vyake mwenyewe vya sampuli, anasimamia karatasi wala hasimamii ardhi. Ningekuwa na sauti huko juu ningeomba jambo moja: sampuli za mwisho za kila eneo lililosafishwa zichukuliwe na mtu asiyelipwa na mchafuzi, mahali atakapochagua yeye, na majirani wawepo wakitazama.

KijanaWaKibaha alijibu:

Shikamoo mwalimu, shikamoo mzee. Naandika kutoka Tanzania, Mkoa wa Pwani.

Huku kwetu kuna Vikuge. Mwaka 1986 zililetwa dawa za kuulia wadudu kutoka Ugiriki, tani 170 hivi, nyingine muda wake umekwisha, zikawekwa kwenye banda la shamba la serikali. Banda likaja kuanguka, dawa zikapigwa na mvua zikaingia ardhini. Watafiti wamekuja miaka mingi baadaye wakapima udongo wakakuta DDT, dawa ya kuulia wadudu, bado imo. Pale hapakuwa na kiwanda, hapakuwa na tajiri aliyetoroka na faida. Mzigo ulikuwa wa serikali yenyewe. Kwa hiyo namuuliza mzee: tunapotaka serikali isimamie usafishaji, na mchafuzi ni serikali, nani anamsimamia? Sisi tuna chombo chetu cha kusimamia mazingira na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, lakini hao nao ni serikali.

DalaliMkweli alijibu:

Mzee, heshima yako. Naelewa unachosema na sipingi sayansi. Lakini fikiria huyu mwenye kiwanja. Hakuyeyusha betri yeye. Ukimwambia alete ramani, maabara, malori, atamuuzia mtu wa godauni kesho asubuhi, na mwalimu abaki barazani. Na huyo wa godauni hatauliza chochote.

MchukuaSampuli alijibu:

Dalali, hoja yako ya mwisho ni ya kweli na inaniuma. Godauni pale kusema haki ni bora kuliko chekechea. Mtu mzima mwenye viatu, juu ya sakafu ya zege, hanyonyi vidole. Ardhi iliyochafuka si lazima iachwe tupu, bali matumizi yake yalingane na hali yake. Mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima, kwa hiyo kiwanja kile kile kinaweza kumfaa muuza mabati na kumdhuru mtoto wa chekechea.

Ila usiseme kwamba ni jambo la kutishana. Dakar, Senegali, kwenye mtaa wa Thiaroye-sur-Mer, watu walikuwa wakichekecha udongo wenye mabaki ya betri ili wauze risasi. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18. Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 2010, mawe ya dhahabu yenye risasi yalisagwa majumbani, wakafa watoto wasiopungua 400. Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa na dawa ya kutoa risasi mwilini, lakini walishikilia kwamba nyumba ya mtoto isafishwe kwanza, kwa sababu ukimtibu ukamrudisha kwenye vumbi lile lile hujamtibu. Kijiji baada ya kijiji udongo wa juu ulikwanguliwa kwa majembe, ukafukiwa mahali maalumu, ukaletwa mwingine safi. Kijiji kikubwa cha Bagega kilisubiri hadi 2013 kwa kuwa pesa ya serikali ilichelewa kutoka. Watoto wa Bagega walikuwa wagonjwa muda wote huo, dawa ipo, na wasitibiwe.

Kijana wa Kibaha, marahaba. Swali lako ni zito. Jibu ninalolijua ni mahakama, na macho ya watu. Maabara nyingine, tofauti na ile ya kwanza, ipime sampuli zile zile. Namba zibandikwe pahali kila mtu anaona. Serikali inaposafisha uchafu wake yenyewe, hapo ndipo sampuli za majirani zina thamani kubwa zaidi.

KaraniWaSheria alijibu:

Mwalimu, mimi nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili Mombasa, nitajibu upande wa sheria tu.

Usihangaike tena kwenda dirishani. Andika. Katiba ya Kenya kifungu cha 35 inakupa haki ya habari iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kukujibu. Maombi yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili, sheria yenyewe imesema hivyo. Omba vitu kwa majina: leseni ya tathmini ya yadi ile, ripoti za ukaguzi wa kila mwaka, ripoti ya ukaguzi wa kufungwa, matokeo ya vipimo vya udongo na maji kama vipo, na amri yoyote ya kurejesha mazingira. Peleka nakala kwa NEMA na kwa idara ya mazingira ya kaunti kwa wakati mmoja, ili wasikutupe huku na huku. Wakigonganisha au wakinyamaza, Tume ya Haki ya Utawala ndiyo inayopokea rufaa. Na wakikujibu kwamba hawana vipimo, jibu hilo nalo litunze, ni ushahidi.

Kuhusu nani mwenye wajibu: sheria inamtaka mchafuzi alipe, lakini hukumu ya Owino Uhuru ilikwenda mbali zaidi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda kile na ambaye mtoto wake wa kunyonya alikutwa na risasi mwilini, yeye na shirika lake walifika Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa. Tarehe 16 Julai 2020 Jaji Anne Omollo akatoa hukumu: fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa wakazi, na usafishaji wa udongo na maji ndani ya miezi 4, wasipofanya walipe milioni 700 ili shirika la walalamikaji lisimamie kazi hiyo. Tazama lawama zilivyogawanywa. Kiwanda chenyewe kilipewa asilimia 25. NEMA, msimamizi, ikapewa 40. Mwenye ardhi aliyepangisha hakuachwa, naye alibebeshwa 5. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliiondoa ile fidia, kisha tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Mwenye kiwanja wako anapaswa kuijua hiyo asilimia 5. Mwambie kwa upole. Kupima udongo sasa kunamlinda yeye pia.

Jambo jingine: kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa ajili ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba kuna aliyekwisha kuumia. Huhitaji kusubiri mtoto augue. Kabla ya kufika huko ipo kamati ya kitaifa ya malalamiko ya mazingira, inapokea barua ya mtu yeyote.

Na kwenye mkataba wa mauzo, kama mtafika huko, wakili wenu aweke sharti: malipo hayakamiliki mpaka vipimo vya udongo na maji vitoke, na vikizidi kiwango mtakachokubaliana, arbuni inarudi yote.

MwalimuWaMiritini alijibu:

Nawashukuru sana nyote, sikutarajia kupata majibu haya. Nimekaa na mwenyekiti wa kamati nikamsomea. Barua ya kuomba habari tutaiandika kwa Kiswahili na wazazi watatia sahihi. Mwenye kiwanja nimempigia simu nikamweleza ile asilimia 5. Alinyamaza kwanza, kisha akasema tuje tupime wakati wowote, yeye atafungua geti, na gharama tugawane. Kwa kweli nimemheshimu.

Mzee MchukuaSampuli, nina maswali. Hatuna pesa ya sampuli nyingi. Tuchukue wapi ili tusipoteze? Kiwango gani tukikiona tuseme hapana? Na lile la zege hujanijibu.

MchukuaSampuli alijibu:

Mwalimu, huyo mwenye kiwanja mshikeni vizuri, si wengi wa namna hiyo.

Pa kuchukua. Msichimbe katikati ya uwanja palipo wazi mkaishia hapo. Kwanza chini ya michirizi ya paa la banda, pande zote mbili. Pili lilipokuwa tanuru, na mtaro uliopitisha tindikali, hasa unapoishia. Tatu njia ya malori kutoka getini, kwa sababu matairi hubeba. Nne, upepo. Yadi ya hapa kwetu hupigwa na kusi miezi mingi na kaskazi miezi mingine, kwa hiyo majivu ya tanuru yametua pande mbili, kaskazini na kusini mwa lilipokuwa. Chukueni kote kuwili, na moja nje ya ukuta karibu na meza ya yule mama wa mahamri. Mwisho sampuli moja ya mbali kabisa, mahali pasipokuwa na kiwanda wala barabara kubwa, ya kulinganishia.

Kwa watoto kinachohusika zaidi ni tabaka la juu, sentimita 2 au 3. Kila eneo kwangueni sehemu tano hivi zilizo karibu, mchanganye ziwe sampuli moja, hiyo itawapunguzia gharama. Kijiko kioshwe kwa maji safi na kufutwa kila mnapohama. Penye tanuru na mtaro chukueni pia ya chini, kina cha mkono hadi kiwiko. Mwambieni mtu wa maabara achekeche na kupima zile chembe laini, kwa sababu hizo ndizo zinazoganda kwenye viganja vya mtoto, changarawe haziingii mdomoni. Maabara iwe imeidhinishwa na KENAS, shirika la Kenya la kuidhinisha maabara, kwa kipimo cha risasi hasa, waulizeni wawaonyeshe cheti na orodha ya vipimo vilivyoidhinishwa. Kisima: chota baada ya kupampu kwa muda, chupa ya maabara yenyewe.

Kiwango. Marekani, Januari 2024, walishusha kiwango cha tahadhari cha udongo wa makazi kutoka miligramu 400 hadi 200 kwa kilo. California hutumia 80. Kwa mahali watoto wa miaka 3 watakaa chini kutwa, mimi ningetaka isizidi 80. Ikitoka kati ya 80 na 200, pana kazi ya kufanya na inafanyika. Ikizidi sana hapo, sehemu nyingi, mwachieni mwenyewe aanze safari yake na NEMA, nyinyi si wa kuibeba.

Zege. Kufunika ni njia halali, hata nchi tajiri hufunika. Lakini wanaofunika hupima kwanza wajue wanafunika nini, huondoa pale palipochafuka zaidi, huweka kitambaa kigumu cha alama chini ya udongo mpya ili anayechimba baadaye ajue amefika mpakani, na huandika kwenye kumbukumbu za ardhi kwamba chini kuna uchafu. Marekani, eneo ambalo uchafu umeachwa chini hukaguliwa upya kila miaka 5. Sasa fikiria kiwanja chenu: mnapiga zege mwaka huu, nyinyi mnajua. Baada ya miaka kumi inakuja kamati nyingine, inachimba choo cha shimo, inatupa udongo wa chini juu ya uwanja wa bembea, na hakuna faili lolote serikalini linalowaambia wasifanye hivyo. Kwa hiyo mkifunika, hakikisheni imeandikwa kwenye hati na kwenye mkataba, na nakala ipo kaunti.

Banda hilo la mabati msilitumie kuwa darasa hata udongo ukitoka safi. Mabati na mbao za juu zimekaa na moshi wa tanuru. Mkiamua kulibomoa, lilowesheni maji kwanza, msilifagie kavu, na watoto wasiwepo. Maji ya mvua ya paa lile yasikingwe kabisa.

Lingine, hata msiponunua. Yule mama wa mahamri alifuta majivu mezani kila asubuhi kwa muda wote yadi ilipokuwa ikifanya kazi. Kama ana watoto au wajukuu pale, na kuna nyumba zilizopakana na ukuta, wapelekwe kupimwa damu. Sampuli yenu ya nje ya ukuta ikitoka mbaya, iambatanisheni na barua ya kamati ya malalamiko, kwa sababu hao hawana kiwanja cha kukataa kununua, wao wanaishi pale tayari. Kwa sasa wafute sakafu kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia kavu, mikono ioshwe kabla ya kula, na watoto wasikae na njaa, kwani tumbo tupu na upungufu wa madini ya chuma huongeza ufyonzaji.

Nitumieni mchoro wa kiwanja, hata wa kalamu kwenye karatasi ya daftari, mkionyesha geti, banda, kisima na lilipokuwa tanuru. Nitawawekea alama za kuchukulia sampuli bila malipo, na kama mtapanga siku ya Jumamosi nitakuja mwenyewe na vifuko vyangu.

MwalimuWaMiritini alijibu:

Mchoro nautuma usiku huu. Jumamosi inatufaa. Mama wa mahamri ana wajukuu watatu, mmoja ni mwanafunzi wangu.